Isaka, Ismaili na yale ambayo hayakuandikwa

Katika familia zenye dini mbili, nazo Moshi na Arusha si chache, kauli mbili hazikosi kusikika ndugu wanapokutana msibani au harusini. Ya kwanza ni ya mzee anayetaka shughuli iishe salama: hadithi ni zile zile, Mungu ni yule yule, tunatofautiana majina tu. Ya pili ni ya kijana aliyetoka kwenye mhadhara au mkutano wa injili, simu yake imejaa orodha ya aya: vitabu vinapingana, basi kimoja kimechezewa au kingine kimenakili. Kauli ya mzee inatuliza, ya kijana inachoma. Ila waombe wote wawili wakuonyeshe mahali palipoandikwa, na mara nyingi watakwama, kwa sababu jambo wanalolishikilia halimo katika kitabu cha mmoja wala cha mwenzake.

Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu visa vya pamoja haitokani na Taurati, Injili wala Kurani. Inatokana na nyongeza za wafasiri, wahubiri, wachoraji na watengeneza filamu. Tofauti za kweli, zile zinazostahili watu wazima kukaa chini na kuzijadili, hupitwa haraka kwa kuwa hazifai kutangazwa kwenye kipaza sauti.

Njia ya kuzitenganisha inahitaji karatasi moja iliyogawanywa safu nne. Safu ya kwanza ni ya Tanakh, yaani maandiko ya Kiyahudi. Ya pili ni ya Biblia ya Kikristo, pamoja na namna Agano Jipya linavyokisoma kisa cha Agano la Kale. Ya tatu ni ya Kurani. Ya nne ni ya mengineyo yote: midrashi (maelezo ya kale ya maandiko) za marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, hadithi za Mtume na vitabu vya tafsiri, mapokeo ya Kanisa, hata filamu ya Pasaka. Hakuna kinachoingia safu tatu za kwanza bila namba ya sura na aya. Kuwekwa safu ya nne si kudharauliwa. Hadithi sahihi ni hoja kwa Mwislamu, na mapokeo ni hoja kwa Mkatoliki. Ila ni hoja ya aina nyingine, na mwenzako hana wajibu wa kuikuta ndani ya kitabu.

Tuanze na kisa kinachobishaniwa kuliko vyote, Ibrahimu kuamriwa amchinje mwanawe. Mwanzo 22 inamtaja mwana kwa jina, Isaka. Safari inafika siku ya tatu, mahali ni nchi ya Moria, kuni amebebeshwa kijana. Njiani kijana anauliza swali moja: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anajibu kwa kuzunguka. Mwishoni kondoo dume anaonekana amenasa pembe zake kichakani. Katika Kurani kisa kimo Sura ya 37, As-Saffat, nacho ni kifupi, kuanzia aya ya 102 hadi 107. Amri inakuja kwa ndoto. Baba hazunguki, anamweleza mwanawe alichokiona na kumuuliza anaonaje, naye mwana anamwambia atende alivyoamrishwa. Mwana huyo hatajwi jina. Mnyama naye hatajwi ni wa aina gani, aya ya 107 inasema tu kwamba alikombolewa kwa mchinjo mtukufu. Bishara ya Is-haka inakuja baadaye, aya ya 112.

Kwa hiyo mhadhiri anayesema "Kurani imemtaja Ismaili" anadai kisichoandikwa, na mhubiri anayesema "Kurani imembadilisha Isaka ikamweka Ismaili" anapinga kisichoandikwa. Jina la Ismaili linatoka safu ya nne, na humo nako halikukubaliwa siku moja. At-Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, aliona mwana huyo ni Is-haka. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alishikilia ni Ismaili, na hoja yake kuu ni huo mpangilio wa aya: bishara ya Is-haka imewekwa baada ya kisa, si kabla. Maoni hayo ndiyo yaliyoenea, na ndiyo yanayofundishwa madrasa karibu zote leo. Ni hoja nzito. Lakini ni hoja ya kusoma mpangilio, haina uhakika wa jina lililotajwa.

Upande wa pili nao una hesabu yake. Mwanzo 22:2 inasema "mwana wako wa pekee". Wahadhiri wetu wameishika sentensi hiyo kwa muda mrefu, na hesabu wanayoipiga ni sahihi: Mwanzo 16:16 inasema Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa, na Mwanzo 21:5 inasema alikuwa na miaka 100 alipozaliwa Isaka. Kwa miaka 14 mwana wa pekee alikuwa Ishmaeli, na Isaka hakuwa wa pekee hata siku moja. Jibu la Wayahudi na Wakristo halikanushi hesabu. Linasema kwamba kufikia mlango wa 22, Ishmaeli ameshaondoka nyumbani, mlango wa 21, na kwamba agano lilikuwa limewekwa juu ya Isaka tangu 17:21, ingawa mstari wa 20 unampa Ishmaeli baraka na wakuu kumi na wawili. Upekee, kwa maelezo hayo, ni wa nafasi. Kwa maoni yangu hesabu peke yake haimalizi kesi hii, na jibu la nafasi nalo linasikika kama la mtu aliyebanwa. Anayedai ushindi hapa, upande wowote, amefunga kitabu mapema.

Wakati huo kila mtu amesahau kuuliza kisa kinafanya kazi gani katika kila dini. Wayahudi hukisoma siku ya pili ya Rosh Hashana, mwaka mpya wao, na pembe ya kondoo dume hupigwa siku hizo. Moria wanaiunganisha na mahali lilipojengwa Hekalu, kwa mujibu wa 2 Mambo ya Nyakati 3:1. Wakristo wanakisoma kupitia Waebrania 11:17-19, ambapo Ibrahimu aliamini kuwa Mungu aweza kufufua, na Wakatoliki wamekiweka kati ya masomo ya mkesha wa Pasaka. Waislamu wamekiweka katika Iddi ya kuchinja, tarehe 10 Mfungotatu, na uzito wao uko kwenye utii. Mwanzo inasema Mungu alimjaribu Ibrahimu. Kurani, aya ya 103, inasema walijisalimisha wote wawili. Hapo ndipo penye tofauti ya kweli: mtihani wa mtu mmoja au wa watu wawili.

Kisha safu ya nne ya Kiyahudi inafanya jambo ambalo watu hawalitarajii. Marabi walipiga hesabu kwamba Sara alimzaa Isaka akiwa na miaka 90 na kufa akiwa na miaka 127, kisa cha kifo chake kikifuata mara baada ya Moria. Basi Isaka alikuwa na miaka 37, si mtoto, na alikubali mwenyewe kufungwa. Midrashi ya Kiyahudi, kwa njia yake, imefika pale pale Kurani ilipofika: mwana aliyeridhia. Ukikomea kwenye jina, hilo hulioni.

Na kabla hatujamwacha Ibrahimu, kuna mstari ambao sijui kwa nini hausomwi zaidi kwenye misiba ya huku. Mwanzo 25:9 inasema wanawe Isaka na Ishmaeli walimzika katika pango la Makpela, wote wawili. Katika mkoa ambao baba huzikwa kihambani na watoto wake wa dini mbili husimama kaburini wakivutana nani aongoze ibada, mstari huo una matumizi.

Kisa cha Hajiri ni chepesi zaidi. Mwanzo 21 inamweka katika jangwa la Beer-sheba na baadaye Parani. Kurani haimtaji jina, Sura ya 14:37 inamnukuu Ibrahimu tu akisema ameiweka sehemu ya kizazi chake bondeni pasipo mimea, karibu na Nyumba takatifu. Mbio saba kati ya Safa na Marwa na kububujika kwa Zamzam vimo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari. Weka kila kitu safu yake na ubishi wa "wapi hasa" unapungua nusu.

Daudi ndiye kisa kinachofunua mengi zaidi, ingawa kwenye mihadhara yeye hutumiwa kama rungu. 2 Samweli 11 inaeleza bila kupaka rangi: mfalme anamwona Bathsheba akioga, anamchukua, anapata mimba, na mumewe Uria anawekwa mahali pa hatari vitani ili afe. Mlango wa 12 nabii Nathani anamjia na mfano wa tajiri mwenye mifugo mingi aliyechukua kondoo jike mmoja wa maskini, na Daudi anajihukumu mwenyewe bila kujua. Kurani, Sura ya 38:21-25, ina washitaki wawili waliopanda ukuta wakamwingilia Daudi mihrabuni. Mmoja analalamika: ndugu yangu ana kondoo majike 99, mimi ninaye mmoja, naye anamtaka huyo mmoja. Daudi anahukumu, kisha anatambua kuwa ametiwa mtihanini, anaomba msamaha, anasujudu, anasamehewa. Bathsheba hayupo. Uria hayupo. Kosa lenyewe halikutajwa.

Mkristo akisoma hapo husema Kurani imeficha. Mwislamu husema Biblia imemchafua nabii, kwa kuwa kwa imani yake manabii wamehifadhiwa na dhambi za namna hiyo. Wote wanadhani mpaka unapita kati ya dini na dini. Haupiti hapo. Kitabu cha 1 Mambo ya Nyakati, mlango wa 20, kinasimulia vita ile ile ya Raba, kinasema Daudi alibaki Yerusalemu, kisha kinaruka moja kwa moja hadi kutwaliwa kwa mji, bila neno hata moja kuhusu Bathsheba. Hiyo ni Biblia yenyewe ikinyamaza. Na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, katika sehemu iitwayo Shabati 56a, ina rabi anayesema kwamba yeyote asemaye Daudi alitenda dhambi amekosea, kisha anajenga utetezi wa kisheria kumwondolea lawama. Basi swali la kama mteule wa Mungu aweza kuanguka vibaya lilikuwa likijadiliwa na Wayahudi wenyewe, na 2 Samweli na Kurani zinalijibu kutoka pande tofauti. Samweli inataka usikie kwamba hata mfalme mpendwa hushitakiwa. Kurani inataka usikie namna nabii anavyorudi kwa Mola wake papo hapo.

Mtindo huo huo unajirudia. Katika Kutoka 32 ndama wa dhahabu anatengenezwa na Haruni. Katika Sura ya 20 anatengenezwa na Msamaria, na Haruni anawakataza. Katika 1 Wafalme 11 Sulemani anageuzwa moyo na wake zake. Sura ya 2:102 inasema waziwazi kwamba Sulemani hakukufuru. Ukishaijua kanuni hii, unaweza kukisia tofauti kabla ya kufungua ukurasa, na hakuna haja ya kuzishangaa moja moja kama kwamba kila moja ni kashfa mpya.

Gharika nitaitaja kwa sababu ya namba moja. Mwanzo 9:29 inasema siku zote za Nuhu zilikuwa miaka 950. Sura ya 29:14 inasema alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, kisha gharika ikawachukua. Namba ni ile ile, inachopima ni tofauti, maana katika Mwanzo gharika ilikuja akiwa na miaka 600 na aliishi 350 baadaye. Mwana wa Nuhu anayezama, Sura ya 11:42-43, hayumo katika Mwanzo, ambamo wana watatu wote wanaingia safinani.

Jambo la kiufundi linaloharibu vikao vingi ni namba za mistari. Samaki anammeza Yona katika 1:17 kwa matoleo ya Kiprotestanti, lakini katika Biblia ya Kiebrania na matoleo mengi ya Kikatoliki huo ni 2:1. Malaki ina milango minne kwa mmoja na mitatu kwa mwingine. Zaburi ya 51 ni ya 50 katika hesabu ya zamani ya Kilatini. Vitabu vyenyewe havilingani idadi: Biblia ya Mlutheri wa Machame ina vitabu 66, ya Mkatoliki wa Kibosho 73, na Tanakh huhesabiwa 24 kwa kuwa Samweli, Wafalme na Nyakati havigawanywi, Ezra na Nehemia huhesabiwa pamoja, na manabii wadogo kumi na wawili ni kitabu kimoja. Hata Amri Kumi hazihesabiwi sawa. Mlutheri na Mkatoliki wanakubaliana, ndiyo maana "kuvunja amri ya sita", yaani kuzini, kwao kunaeleweka bila maelezo. Msabato wa Upare akihesabu, ya sita ni usiue. Mwambie mtu kavunja amri ya sita mbele yake uone atakavyoshtuka.

Kwa Maryamu mambo yanageuka. Kurani inamtaja kwa jina mara 34, naye ni mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina humo. Sura ya 3 inaeleza mama yake alivyomweka nadhiri, alivyolelewa chini ya uangalizi wa Zakaria mahali pa ibada, na kura zilizopigwa ili kujua nani amlee. Mlutheri akisikia hayo atasema hayamo katika Biblia, na ni kweli. Mkatoliki wa Kibosho atasita, kwa sababu Kanisa lake huadhimisha Yoakimu na Ana, wazazi wa Maria, tarehe 26 Julai, na kutolewa kwa Maria hekaluni tarehe 21 Novemba, na hakuna hata kimoja cha hivyo katika vitabu vyake 73. Vinatoka katika maandishi ya karne ya pili yaitwayo Injili ya Yakobo. Kwa hiyo juu ya utoto wa Maria, Mkatoliki na Mwislamu wanakaa benchi moja na Mlutheri yuko benchi jingine. Anayegawanya watu mapema kwa "sisi" na "wao" hupata aibu hapa.

Lakini mzee wa "tunatofautiana majina tu" naye asipewe nafasi ya kupumua. Injili zote nne zinasimulia kusulubiwa kwa Yesu. Kurani 4:157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Injili ya Yohana inamwita Mwana wa pekee wa Baba, na Sura ya 112 inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kwa Myahudi, suala zima halimo katika maandiko yake. Hizi ni tofauti za mzizi. Kuzifunika kwa adabu si heshima, kwa kuwa kila upande unajua kabisa kwamba mwenzake anaamini tofauti, na unapoambiwa ni sawa unajua unadanganywa.

Turudi kwa kijana na shutuma zake mbili. Ya kunakili kwanza. Katika Kurani 5:31 Mungu anamtuma kunguru akichimba ardhi kumwonyesha muuaji namna ya kumfukia ndugu yake. Mwanzo 4 haina kunguru. Kitabu cha Kiyahudi kiitwacho Pirkei de-Rabi Eliezeri, mlango wa 21, kina kunguru anayewafundisha Adamu na mkewe kuzika. Mhubiri mwenye haraka atasema: basi, imenakiliwa kutoka kwa Wayahudi. Kasoro ni tarehe. Kitabu hicho kwa umbo lake tulilonalo ni cha karne ya nane au baadaye, yaani baada ya Kurani. Huenda simulizi ni kongwe kuliko kitabu, huenda ilisafiri kutoka kwa Waislamu kwenda kwa Wayahudi, na kwa tarehe hizo peke yake huwezi kuamua. Linganisha na aya inayofuata, 5:32, isemayo kwamba anayeua mtu mmoja ni kama ameua watu wote. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, Sanhedrini 4:5, iliyokusanywa karibu na mwaka 200, ina neno hilo hilo, nayo inalitoa katika kisa kile kile cha Kaini. Hapa Mishna imetangulia bila shaka. Lakini Kurani haifichi: aya yenyewe inaanza kwa kusema tuliwaandikia hayo Wana wa Israili. Ni vigumu kumshitaki kwa wizi mtu aliyetaja mwenye mali.

Shutuma ya kuchezewa nayo ipimwe. Magombo ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kupatikana mwaka 1947, yana nakala kamili ya Isaya iliyoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, na kwa sehemu kubwa inalingana na Isaya ya kodeksi (kitabu cha kuandikwa kwa mkono) kamili ya Leningrad ya mwaka 1008. Anayesema Wayahudi waliandika upya kitabu baada ya kuja Uislamu ana kazi kubwa ya kuthibitisha. Hata hivyo Mkristo asishangilie haraka. Qumran hiyo hiyo imetoa vipande vya Yeremia vinavyofanana na toleo fupi la Kigiriki, na nakala kongwe ya Biblia ya Kigiriki iitwayo ya Sinai, ya karne ya nne, haina Marko 16:9-20 wala kisa cha mwanamke mzinzi cha Yohana 8. Waislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja: Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alidai maneno yamebadilishwa, wengine wakasema kilichopotoshwa ni maana. Mhadhiri wa mtaani kwa kawaida hajui kama anafuata kundi lipi.

Kuna mahali ambapo ulinganishaji huu unaacha kuwa wa darasani, napo ni buchani. Mila ya nchi hii ni kwamba nyama ya kuuza inachinjwa na Mwislamu, na mwezi Februari 2013 ubishi juu ya nani achinje uliishia kwa kuuawa kwa mchungaji huko Buseresere, Geita. Maandiko yanasemaje? Katazo la damu limo kote: Mwanzo 9:4, Walawi 17, Matendo 15:29, Kurani 2:173. Ni moja ya mambo machache yanayosemwa na vitabu vyote kwa maneno yanayokaribiana, na ndilo linalovunjwa Uchagani kila Krismasi kwa bakuli la kisusio, supu yenye damu. Mchungaji ana jibu lake, kwamba Matendo 15 ilikuwa ya mazingira yale, na jibu hilo ni la zamani katika Kanisa la Magharibi. Ila ajue kwamba analo, asije akamcheka Msabato anayekataa kitimoto kwa Walawi 11.

Juu ya kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, Paulo katika 1 Wakorintho 10:25 anaruhusu chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, na mstari wa 28 unazuia ukiambiwa ni sadaka ya sanamu. Anayekataa huichukua bismillahi na kuelekea kibla kuwa ibada ya namna hiyo. Hoja hiyo naiona dhaifu, kwa sababu nyama ya kawaida ya buchani si sadaka hata kwa Mwislamu mwenyewe, tofauti na ya Iddi.

Upande wa Kiislamu ni mgumu zaidi kuliko unavyodhaniwa. Kurani 5:5 inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na wengi huishia hapo. Lakini Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Mashafii, na katika madhehebu hayo Annawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameweka sharti: asiye wa kizazi cha Israili huhesabika Mtu wa Kitabu iwapo inajulikana mababu zake waliingia dini hiyo kabla haijafutwa, yaani kwa Wakristo, kabla ya kuja Uislamu. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa sharti hilo likifuatwa kama lilivyo, Mkristo wa Kichaga hapiti, iwe kwa kuchinja au kwa binti yake kuolewa na Mwislamu. Wanazuoni wengi wa leo hawalishiki, wanatazama dini ya mtu si nasaba. Ila mtu akikuta shehe anakataa jambo ambalo "aya imeruhusu", ajue kukataa huko kumetoka safu ya nne, kuna historia, na si chuki.

Kwa kikundi kinachotaka kuanza, kamati ya amani au wanafunzi wa kipaimara na wa madrasa, ningeshauri Yusufu kwanza na msalaba mwisho kabisa. Mwanzo 37 na 39 hadi 50 husomeka kwa sauti kwa zaidi ya saa nzima, Sura ya 12 yenye aya 111 huchukua chini ya nusu saa. Wote wasome vyote, kwa kupokezana, kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Kikao kikianza na maoni, usomaji hautafanyika. Jina la Zulekha, yule mwanamke aliyemtaka Yusufu, litajitokeza, lipelekwe safu ya nne, maana halimo katika Mwanzo wala Kurani. Vazi la Yusufu linaachwa mikononi mwa mwanamke huyo katika Mwanzo 39:12. Katika Kurani limechanwa kwa nyuma, na mchano huo ndio ushahidi unaomwondolea lawama. Yakobo katika Mwanzo 37:33 anaiamini damu ya mbuzi. Katika Kurani 12:18 haiamini. Wakishaiona tofauti hiyo na kukumbuka ya Daudi, kazi kubwa imekwisha.

Safu inayoleta shida ni ya kwanza, kwa kuwa Myahudi kwa kawaida hayupo chumbani. Arusha ina jamii ndogo ya Wayahudi, na wakipatikana waitwe. Wasipopatikana, safu hiyo asiachiwe mtu wa dini moja, maana Mkristo akiijaza peke yake atasoma Isaya 7:14 kuwa ni utabiri wa Yesu, kama Mathayo alivyoisoma, na Mwislamu akiijaza peke yake atasoma Kumbukumbu la Torati 18:18 kuwa ni bishara ya Muhammad, wakati Myahudi haafiki usomaji wa mmoja wala wa mwingine.